Majivu ya Mama Hayakuwa ya Korosho

Kwa dada yangu, Mama Fadhili,

Shikamoo dada. Natumaini hapo Masasi hamjambo, wewe na shemeji, na kikohozi cha Fadhili kimepoa. Mimi huku India mwili ni mzima. Moyo bado. Nyinyi mlimzika Mama, mimi nilisikiliza maziko kwenye simu, na mpaka leo nashindwa kuamini kwamba ameondoka.

Mfuko wa majivu uliompa yule mwalimu aliyekuwa anakuja huku umefika salama. Asante sana, najua ulivyohangaika kuomba maganda kwa wabangua korosho na kuyachoma mwenyewe. Lakini yamekataa.

Ngoja nikueleze vizuri, maana kwenye simu tulikatika. Karibu na chuo kuna mto unaopokea maji ya viwanda vya kutia nguo rangi. Leo mwekundu, kesho wa buluu, na watu wanafulia humo humo. Kazi yangu ni kutengeneza, kwa majivu, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za kunasa ile rangi. Majivu aliyonitumia Mama yalifanya kazi mpaka profesa wangu akaita wenzake waje kutazama maji yakiingia mekundu na kutoka meupe. Nikaandika kila mahali kwamba ni majivu ya maganda ya korosho kutoka kijijini kwetu Chilangala, kwa kuwa ndiyo niliyoagiza. Ya kwako nimeyajaribu mara tano, na maji yanabaki mekundu vile vile.

Profesa akayapima yote mawili. Ya Mama yana madini ya silika kwa wingi, kitu kilichojaa kwenye pumba za mpunga na kilicho haba kwenye korosho, ingawa anasema si pumba zenyewe. Hapo ndipo nilipokumbuka chungu chake kilichotobolewa chini, alichokijaza majivu na kumimina maji juu apate magadi ya kupikia kisamvu. Majivu ya magadi hakuyachota jikoni. Alikuwa na majani na mabua yake, aliyoyachagua mwenyewe na kuyachomea kando. Nadhani alinitumia hayo, yale mazuri, kwa sababu yanakwenda kwa mwanawe.

Na alitaka kuniambia, dada. Alinipigia akaanza, "Mwanangu, hayo majivu sikuyatoa jikoni hivi hivi."

Nikamkatiza. "Mama, majivu ni majivu tu. Niko kazini."

Akasema haya, fanya kazi. Hakuirudia tena habari hiyo, na mimi sikumuuliza mpaka akafa. Naona aibu hata kuiandika.

Wewe umeshaniambia hujui, ulikuwa unakula mboga tu. Shangazi Asumini wa Newala naye anasema kila mwanamke alikuwa na majivu yake. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyevuka bahari kuja kusomea majivu, na sikuwahi hata siku moja kuinama nitazame mama yangu anachoma nini. Profesa amenipa mpaka mwisho wa muhula. Nisipoweza kuirudia kazi ile, haihesabiwi, na nitarudi mikono mitupu.

Ametaka majivu ya Mama yaliyobaki ayapeleke kwenye mashine kubwa ya mji mwingine. Huenda ikaonyesha yametoka kwenye mmea gani, huenda isionyeshe, ila yakienda hayarudi. Nimemwambia yamekwisha. Si kweli. Yamebaki kama vijiko viwili kwenye chupa ya dawa, na siwezi kuyatoa. Sina kingine chake huku. Najua Mama mwenyewe angenicheka, kisha angenigombeza.

Nisalimie shemeji na watoto, na shangazi ukienda Newala. Baba mpe shikamoo yangu. Nasikia kila akitoka msikitini anawaambia wenzake kwamba mwanawe anasafisha mto wa Wahindi kwa majivu ya mkewe. Usimweleze haya. Mwache aseme.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Zaituni