Upande wa Dirisha Hakukai Mtu

Kijiji cha Kambundu,
karibu na Kolwezi,
tarehe 14 Novemba 1993.

Mpendwa yaya Mado, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako Simone. Afya yako je? Na shemeji Muamba, kile kikohozi alichopanda nacho treni kimepoa? Na mwanao, Mianda wetu, anakula vizuri? Sisi huku tunapumua, ila mama miguu imemvimba tena.

Barua hii ataibeba Rachid, yule anayepeleka chumvi kwa lori hadi Mwene-Ditu, huko Kasai. Amesema atauliza kanisani mpaka akupate.

Yaya, nataka kukueleza habari za shule. Unalijua darasa letu la pekee, lile la matofali mabichi, watoto walivyobanana mpaka mmoja akiandikia mgongoni mwa mwenzake. Mlipofukuzwa mwezi wa tatu, ninyi kwa kuwa shemeji ni mtu wa Kasai, na familia zote za watu wa huko, nusu ya mabenchi ilibaki tupu, upande wote wa dirisha. Niliwaambia waliobaki wajipanue. Hawakusogea. Waliendelea kusongamana kwenye ukuta wa pili, wanne benchi moja, jasho likiwatoka.

Nilimuuliza Falonne, binti wa jirani yetu Kalumba, kwa nini anakataa.

"Madame, mi siwezi kukaa pale," akaninong'oneza. "Nitamukalia Mianda."

Niligomba, nikatisha, halafu nikaacha. Hata mimi sikupenda upande ule. Tukisoma hesabu kwa sauti, watoto wakishanyamaza, kule dirishani sauti iliendelea kidogo. Nilijiambia ni mwangwi tu, chumba kimepungua watu. Lakini nilikuwa nikifundisha bila kugeuza uso huko.

Juma lililopita mvua haikukatika. Asubuhi moja, tukiwa katikati ya somo, ukuta wa dirisha ulilainika chini, ukalala ndani pamoja na paa la upande huo. Mabenchi yote matupu yakafunikwa. Kati ya watoto hakuumia hata mmoja.

Nilidhani watakimbilia nje. Yaya, walikimbilia tope. Walichimba kwa mikono, wakiwaita wenzao waliofukuzwa, "Mianda! Tshimanga! Mianda!" Falonne alinivuta nguo akilia, "Madame, saidia, bako chini!" Na mimi, niliyekusindikiza mwenyewe stesheni, nilipiga magoti nikachimba pamoja nao, nikiita jina la mtoto wako. Ni Kalumba na wazazi wengine waliokuja kutushika mikono tuache.

Chini hapakuwa na mtu. Mbao tu, zimevunjika.

Sasa tunasomea nusu iliyobaki, tumetundika turubai mahali pa ukuta. Chumba kimekuwa kidogo kuliko zamani. Na watoto hawaingii kabla sijawaambia kwamba wenzao walifika Kasai, wako hai. Nawaambia hivyo kila asubuhi, nami sijui. Habari tulizosikia za treni zilizowabeba si nzuri, yaya. Niandikie, hata mstari mmoja. Kama Mianda ana nguvu ya kushika kalamu, aandike yeye.

Mama, mjomba Mbuyu na Kalumba wanawasalimu sana. Mungu awafunike popote mnapolala.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Simone