Nazi za Bi Mize

Msuka, Alhamisi, 1961

Si mimi peke yangu. Nimejiambia hivyo tangu adhuhuri.

Leo jirani yangu Bi Mize kaoza binti yake. Hapa kwetu wali wa arusi hupikwa na mtaa mzima, kila mwanamke huja na mbuzi yake kukuna nazi. Lakini mume wa Bi Mize yumo katika chama cha siasa kisicho chetu, na tangu uchaguzi watu wa vyama viwili hawaendeani. Nilichukua mbuzi yangu, nikafika mlangoni. Ng'ambo ya njia Bi Asha naye kasimama mlangoni kwake, mbuzi mkononi, ananitazama mimi. Sote wawili tukarudi ndani.

Bi Mize kakuna nazi zote peke yake. Nilimsikia mpaka alasiri.

Jioni kaniletea sahani ya wali mwenyewe, vidole vimechunika. Nilikwishaona sahani ya Bi Asha inarudi haijaguswa. Yangu nami nikairudisha, wanangu wanaitolea macho.

Hakulia. Kaniuliza tu, "Mwenzangu, nani kakukatazeni?"

Nimemchukia kwa kuuliza. Tangu magharibi natafuta jina la huyo aliyetukataza, na sijalipata.