Mpishi wa Ndege Asiyejua Kupika

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia kutoka Tororo na tafadhali usinicheke. Kampuni ya ndege inayotua hapa kila Alhamisi ikielekea Kisumu haina jiko, ikatafuta mtu wa nje awapikie abiria wake, na mume wangu Muniru anayewabebea mizigo kwa lori akanitaja mimi, nami nikaitikia ingawa wali wangu hata paka anaususa, basi kazi nikampa jirani yangu Benedeta, Msamia wa Masaba, Muniru anachinja kuku, Benedeta anawabanika kwa simsim, yaani ufuta, na kuwafunga katika majani ya mgomba, mimi nawapeleka uwanjani kwa wakati, malipo nusu kwa nusu, na tangu mwaka jana, 1953, tunaishi kwa raha kabisa. Sasa bwana wa kampuni, anayedhani mpishi ni mimi, anataka mwezi ujao nipande ndege nikawafundishe wapishi wa Kisumu, kiti ni kimoja, na Muniru ameshatangaza msikitini. Nilimwomba Benedeta anifundishe upesi, akakubali, ila akasema, "Mama Jamilu, ndege napita juu ya jiko yangu kila wiki. Wewe nakwenda nayo, mimi nabaki na moshi?" Tangu hapo nimekosa raha. Nijifunze haraka, au nijifanye mgonjwa?

Zubaida

Bi Zubaida, nimecheka, unisamehe. Kumpa Benedeta kazi si kosa. Kampuni nayo imefanya hivyo hivyo, haina jiko ikakutafuta wewe. Na wewe si mvivu: kupata kazi, kutunza ahadi na kufikisha chakula kabla ndege haijaondoka ni ujuzi, tena wengi hawana.

Ila ulipopokea sifa za kuku usiowapika, hapo ulimdhulumu mwenzio, na moyoni unajua, ndiyo maana umeniandikia. Ugonjwa wa kusingizia utakusaidia Alhamisi moja tu. Na kubanika kuku hakufundishwi na mtu aliyejifunza juzi. Wapishi wa Kisumu watakugundua kabla moto haujakolea.

Kwa hiyo, leo hii mwambie Muniru kwamba atakayepanda ndege ni Benedeta, asije akayasikia barabarani. Kisha mchukue Benedeta, mwende pamoja kwa yule bwana, useme, "Mimi ndiye ninayeleta. Anayepika ni huyu." Mapatano yaandikwe upya, majina mawili. Hatawaacha, anawapenda kuku wa Benedeta.

Msikitini watakutania wiki mbili, vumilia. Na siku ya safari mbebee Benedeta kikapu mpaka mlangoni mwa ndege. Kiti kile ni chake.