Mahali pa Kuachwa Peupe

Wheaton, Maryland

Mdogo wangu mpendwa Ghati,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini maumivu ya magoti yamepungua, na mvua haijaingia tena chumba cha nyuma. Hali yangu mimi si ya kuficha: moyo umechoka, na daktari ameacha kuzungumzia mwezi ujao. Nilichokuficha ni kitu kingine, nacho kinahusu maneno ya mwisho ya mama. Nivumilie, nitafika.

Unajua kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za lugha. Ya mwisho ninayo ukutani hapa kwenye nyumba ya wazee. Ni ya Kiabkhazi na majirani zake: kijani kando ya Bahari Nyeusi kwa Waabkhazi, njano kusini kwao kwa Wamingrelia, zambarau milimani kwa Wasvani, na vidoti vya kijani huko Uturuki, walikokimbilia Waabkhazi wengi zamani za vita. Tulikuwa na sharti moja: mahali usipojua watu wanasema nini, paache peupe. Vijana waliojaza rangi kwa kukisia niliwarudishia kazi bila huruma.

Mwaka huu chumba cha jirani aliletwa bibi mmoja, Gunda, aliyezaliwa kwenye kimojawapo cha vidoti hivyo. Kiharusi kilimwondolea Kiingereza na Kituruki, akabaki na Kiabkhazi peke yake. Wamaitha, Mkenya anayetuhudumia, alikuja kusukuma kiti changu akinitania kwamba guka, yaani babu kwa Kikuyu chake, mchumba anakuita, na profesa wa lugha yao ni wewe. Nilimweleza kwamba najua inakosemwa, siyo inavyosemwa. Alicheka mpaka akashika mlango, akaniuliza sasa miaka hiyo yote nilikuwa nalipwa kwa nini.

Tulimpelekea ramani. Gunda aliweka kiganja juu ya ile kijani, akasema “san”, yaani mama yangu. Neno hilo nililijua. Kisha akaongea kwa muda mrefu, amenikazia macho, nami nikawa naitikia kwa kichwa kama ninayeelewa. Kesho yake alifariki. Binti yake, ambaye hakufundishwa Kiabkhazi, alifika kutoka Columbia Heights, akanishika mikono akiuliza mama yake alisema nini. Jibu tamu lilikuwa tayari mdomoni, kwamba amekubariki. Likanitisha, maana nililitambua. Nikamwambia sikuelewa. Alilia, kisha akanishukuru.

Tangu siku ile chumba chake ni kitupu, lakini nikifumba macho nasikia mtu anaongea nyuma ya ukuta, na sauti si ya Gunda. Ni ya mama. Naijua ile namna yake ya kuvuta pumzi kati ya neno na neno.

Unakumbuka, Ghati. Ulitoka wodini kumtafutia uji, muuguzi akamwekea mama simu sikioni, na uliporudi alikuwa ameshakata roho. Aliyemsikia ni mimi tu. Uliponiuliza, nilikuambia amesema usiiache nyumba. Kwa neno hilo umemkatalia mwanao Boniface kila alipotaka kukuhamishia Mwanza, ukabaki humo peke yako na zile kuta zinazopasuka.

Mimi nilipelekwa Dodoma kwa baba mdogo nikiwa na miaka mitano. Ulidhani nakuongelesha Kiswahili kwa maringo, ukawa unaniita bwana mkubwa, nami nikaona heri nionekane wa maringo kuliko ujue ukweli.

Nisalimie Boniface, mkewe na wajukuu wote. Mwambie aje na gari kubwa, kabati la mama ni zito. Majirani nao wape mkono wangu.

Mama aliongea Kikabwa, Ghati, na Kikabwa nilishakisahau. Sikuelewa hata neno moja.

Kaka yako,
Cosmas Mwita