Kengele ya Tatu

Hamidu mjukuu wangu, mume wangu,

Pokea salamu za hapa nyumbani Kibuli. Sisi ni wazima, na shangazi yako Mastula amejifungua mtoto wa kike. Unaniuliza kama uendelee na kamari ya kwenye simu, kwa kuwa mara tatu umekosa kidogo tu.

Enzi za utawala wa wanajeshi, nikisubiri kwenda chuo cha ualimu, mjomba wangu Ramadhani aliletewa mashine ya kamari ya klabu ya askari aitengeneze. Nilikuwa nampelekea chakula karakanani. Akienda kuswali, mimi natumbukiza shilingi za nauli yangu ya chuo na kuvuta mkono wa chuma. Picha mbili za kengele zilijipanga kila mara, ya tatu ikasimama chini kidogo ya mstari wa ushindi. Niliandika yote daftarini, nikiamini nimeigundua hesabu yake.

Siku moja mjomba alirudi ghafla. “Msomi, kelele zako zimenifuata mpaka msikitini!” Akafungua mgongo wa mashine. “Hesabu picha.”

Gurudumu la kwanza lilikuwa na kengele saba, la pili sita, la tatu moja.

“Lakini jana ilikaribia, mjomba!”

“Imetengenezwa ikaribie. Ndiyo kazi yake.”

Sanduku la pesa lilikuwa na kufuli la askari. Hatukuthubutu kuligusa.

Nilielewa kila kitu, Hamidu, na bado mkono wangu ulitaka kuvuta. Hilo ndilo lililonitisha. Nikampa mjomba nauli iliyobaki, nikamwomba anikatie tiketi ya basi yeye mwenyewe.

Bibi yako,
Zainabu