Radhi Iliyotolewa Makaburini

Bi Alawiya wa gazetini, shikamoo, nakuomba unisikilize, mimi ni mtu wa eda na sina pengine pa kusemea. Mume wangu Abdillahi alikuwa mchukuzi katika ghala la kahawa hapa Changamwe, na masika haya ukuta ukawaangukia yeye na wenziwe wawili wakafa, na ukuta ule ulikuwa na ufa tangu mwaka jana, mwenyewe akija kula akiniambia mkono unapita, na wakimwambia tajiri wao mwenye ghala huwajibu asiyetaka aondoke. Siku ya maziko tajiri akaja na kanzu yake, akasimama makaburini akaomba radhi, na kwa kuwa kwetu mtu hanyimwi radhi mbele ya kaburi, shemeji yangu Salem akamwitikia kwa niaba yetu sote, "Tumekusamehe duniani na akhera." Sasa wajane wenzangu, Nyevu na Florence, wanakwenda kwa DC kutaka Serikali ichunguze, nao wanataka nami nitie dole gumba kwenye barua yao, lakini Salem ameniambia, "Shemeji, radhi haitapikwi. Ukitia dole hilo utamtesa ndugu yangu kaburini, na hapa utatoka." Nyumba ni ya kina Salem, wanangu wako humu, namwogopa Mungu na naogopa kunyamaza, maana kaka yangu Yeslam bado anafanya kazi upande wa ghala uliobaki. Nifanyeje?

Mjane, Changamwe

*

Mwanangu, Mungu amrehemu Abdillahi. Nimeisoma barua yako nikalia, kisha nikakasirika, na hasira nyingine ni juu yako wewe. Kaka yako yuko chini ya kuta zilizobaki, nawe wangoja gazeti! Mtume mtu sasa hivi amwambie asirudi. Njaa ina dawa.

Haya. Makaburini hukuwako, wanawake hatuendi, wala hakuna aliyekuuliza. Salem amesamehe la kwake; la kwako na la mayatima si lake kuligawa. Na hata ungelisamehe wewe mwenyewe, aliyesamehewa bado anaweza kuulizwa ukuta ulikuwaje. Maiti hateswi kwa mkewe kusema kweli, na Salem aache kutisha watu kwa adhabu asiyoimiliki.

Nenda kwa Kadhi mchana, Yeslam akusindikize. Eda haimfungii ndani mwenye dharura. Mwombe amwite Salem amweleze mwenyewe. Kisha tia dole lako, useme ulichoambiwa na mumeo, usitie chumvi.

Sikuahidi kitu. Wakubwa hawa wa Kizungu wanafunga masanduku warudi kwao, na huenda mkangojeshwa barazani mpaka uhuru uwakute hapo. Nendeni hivyo hivyo. Salem akikutoa, njoo kwangu Kisauni na wanao, chumba cha uani ni kitupu.

Ila usikawie. Wachukuzi wengine wataingia ghalani kesho asubuhi, na hivi sasa wake zao wanawapikia.