Aliyepita Awuor Akila Njugu

Ijumaa, mwezi wa Mei, 1991

Kwa dada yangu Lornah,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba ufunge mlango. Asiisome barua hii mwalimu mwenzako mnayekaa naye, asiisome hata shemeji, na ukimaliza uitie jikoni uhakikishe imeungua yote. Kuna mama mmoja ambaye uhai wake umo katika maneno haya. Watu wa mtaani kwetu wakijua alipo kabla hawajajua yaliyotendeka, watamuua, na mkono wangu utakuwamo.

Nisamehe kwa kuanza na hofu badala ya salamu. Hujambo, dada? Watoto hawajambo? Tulisikia upepo uliezua bati za darasa lako, nami natumai zimekwisha kurudishwa na hufundishi tena chini ya jua. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Awuor wetu, mtoto wa kaka Absalom, yuko hospitalini. Usishtuke: nimeambiwa jana alikunywa uji na akaomba mwingine. Atapona. Jambo ninaloandikia ni jingine, lakini lilianza na yeye.

Unakumbuka kwamba ofisi yetu ya ushirika wa wavuvi ilinipa pikipiki ya kuzungukia fuo. Tangu mvua zianze ilikuwa ikikohoa kila penye kilima na kuzimika, na meneja alisema fundi hataitwa mpaka mwezi ujao. Nilikuwa na kitabu chake cha maelekezo. Nikajiambia kwamba mtu aliyesoma hashindwi na kitabu. Basi Jumamosi asubuhi nikaileta barazani pale Nyamasaria, nikatandika gazeti kuukuu, nikaanza kuifungua.

Kaka Absalom alitoka na kikombe cha chai akasimama kunitazama. Akaniuliza ukarani umenishinda lini hata nikaamua kuwa fundi. Mama Awuor naye akasema kutoka jikoni, “Shemeji, vyuma vikibaki usitupe, nitavitumia kama mafiga!” Walicheka, nami nikacheka. Kisha kaka akaacha kucheka akaniambia petroli isikae karibu na nyumba yake, kwamba nikimaliza niiondoe yote. Nikaitikia. Akaenda zake mjini.

Nilifunga koki ya petroli, nikachomoa bomba la mpira, nikafungua chujio. Ni kitu kidogo, kama kofia ya kidole, na lilikuwa limejaa kutu na tope mpaka halipitishi hata mwanga. Nililisugua kwa mswaki wa zamani, nikalipuliza kwa mdomo. Pampu nayo nikaifungua, nikaufuta utando wake wa mpira kwa kitambaa laini, na kila skrubu nikaiweka juu ya gazeti kwa mpangilio ilivyotoka. Petroli niliyoikamua humo ilikuwa nyekundu kwa kutu. Ningeimwaga, dada. Lakini unanijua, sipendi kitu kipotee. Niliitia katika chupa ya soda ili uchafu utulie chini niirudishe iliyo safi, nikaisimamisha ukingoni mwa baraza. Ilikuwa na rangi ileile ya soda ya machungwa.

Awuor alikuwa amekaa pale akila njugu za kuchemsha. Akapita Mama Maximilla, jirani yetu yule kutoka upande wa Bungoma, mjane asiye na mtoto, anayeuza dagaa wa omena na mafuta ya taa. Karai lilikuwa kichwani. Alisimama, akamtazama mtoto, akasema, “Aah, huyu anakula vizuri! Kula mama, kula ukue.” Akanitania kwamba nikimaliza pikipiki nimpeleke kwao bure, nami nikamwambia nauli yake ni omena. Akaenda zake akicheka.

Nilipokwisha kurudisha vyuma vyote mahali pake, nilikwenda bombani nyuma ya nyumba kunawa mikono. Niliporudi, chupa ilikuwa imelala, nusu imemwagika, na Awuor anakohoa, midomo imelowa, macho yamemtoka. Nikampigapiga mgongoni. Alipopata pumzi akalia, akatapika njugu zote. Mama Awuor akaja mbio. Hakusikia harufu yoyote ya ajabu, kwa sababu baraza zima lilikuwa linanuka petroli, na mimi nilinuka kuliko baraza. Alipomwinua mtoto, mimi niliinua chupa. Iliyobaki nikaimimina tangini, nikalifunga.

Wewe huwafundisha watoto wa shule kwamba hakuna jicho linaloweza kugeuza chakula tumboni mwa mtu. Lakini hata wewe, ulipokuwa mdogo, mama alikuwa akikufunika kwa leso ukila mbele ya wageni. Majirani walipojaa walitazama njugu zilizotapikwa, wakanong'ona, “Sihoho,” jicho baya la anayetazama mtu akila. Mara jina la Maximilla likawa midomoni mwao: amepita, amesimama, amemsifu mtoto akila. Wakamkimbiza Awuor kwa yule bibi anayetoa sihoho. Akamchanja tumboni kwa wembe, akasugua, akaonyesha kiganjani vipande vya njugu vitatu. Watu wakashusha pumzi. Nami nilisimama mlangoni mwa bibi yule nikijua kilichomo kifuani mwa mtoto, na sikufungua mdomo.

Jumapili homa ilipanda, akawa anahema kama aliyekimbia. Niling'ang'ana apelekwe hospitali, nikasema ni kwa ajili ya homa tu. Huko wakasema ni nimonia, wakampa hewa ya mtungi. Jumatatu sikuweza tena. Nilimfuata daktari kando ya kitanda, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mtoto alikunywa petroli. Nilisema kwa Kiingereza kwa sababu Mama Awuor alikuwa ameketi palepale akimpepea mwanawe. Daktari alinikaripia, akauliza kwa nini nimekaa kimya siku zote hizo. Nikamwomba asinitaje. Akajibu kwamba yeye hutibu watoto, si watu wazima, akabadilisha dawa. Kisha akamgeukia Mama Awuor akamwambia kwa Kiswahili kwamba mwanawe alinyweshwa mafuta, ashukuru yu hai.

Neno lake lilikuwa hilo, “alinyweshwa.” Nilidhani kweli ikishatoka, hata nusu, jicho la Maximilla litasahauliwa. Kumbe nusu ya kweli ilikuwa mbaya kuliko uongo wote. Nani mtaani anauza mafuta kwa chupa? Nani alisimama mbele ya mtoto? Jioni ile kaka Absalom alikuja kutoka hospitali. Akasema yeye alidhani ni jicho, na mtu hachagui jicho alilozaliwa nalo, angeweza kumsamehe; lakini huyu mama amemtilia mtoto sumu kwa mkono wake. Alisema anakwenda polisi, na akirudi asimkute mama yule mtaani. Vijana waliosimama pale hawakutaka kusubiri polisi. Mmoja akasema, “Mafuta si anayo mwenyewe? Basi tutamwashia hayohayo.” Wakacheka, dada. Nakisikia kicheko hicho mpaka leo.

Niliichukua pikipiki nikapitia njia ya nyuma, kwenye matete. Mama Maximilla alikuwa anaosha sufuria. Nilimwambia, “Panda, mama, usiulize.” Mawe yalikuwa yameanza kugonga bati lake upande wa mbele. Alipanda akakaa upande, kanga imefungwa kiunoni, hana hata viatu. Pikipiki iliwaka mara moja. Haikukohoa hata mahali pamoja mpaka tulipofika, na mimi niliyeitengeneza nilitamani izimike ili nipate sababu ya kulia.

Yuko hapa nilipo, nyumbani kwa mama yake rafiki yangu Yahya. Nyumba yake wameichoma. Yahya alipita huko jana akaona ni majivu na bati zilizojikunja. Polisi wanamtafuta, kaka anamtafuta, na ofisini nadhani wanaitafuta pikipiki. Na yeye kila asubuhi akimaliza sala yake ananiombea mimi kwa jina. Anasema Mungu alimnyima mtoto wa kumzaa akampa karani. Juzi alikuta shati langu limechanika bega, akaazima sindano akalishona nikiwa nimelivaa, huku akinieleza kwamba hajui kabisa nani aliyemtaja siku ile, lakini amemsamehe, maana huenda ni mtu aliyeogopa.

Dada Lornah, sasa ninaandika nililokuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa karatasi. Kuhusu chupa umekwisha kujua, na chupa ni uzembe. Lakini majirani walipojaa barazani siku ile, walipouliza ni nani aliyekuwapo mtoto akila, hakuna aliyekuwa ameona chochote. Mama Awuor alikuwa jikoni. Wote walinigeukia mimi. Ningeweza kusema, “Hakuna mtu, ni petroli yangu.” Niliitazama chupa tupu nyuma ya gurudumu, nikasema, “Mama Maximilla alipita, akamtazama sana.” Hilo “sana” niliongeza mwenyewe. Hakutazama sana. Alitazama kama mtu anayempenda mtoto.

Sina nguvu ya kusema haya peke yangu. Nimejaribu mara nyingi nikiwa nimeketi naye, na kila mara ananitangulia kwa kunishukuru. Nakuomba uje. Kaka Absalom hamsikilizi mtu mwingine duniani ila wewe uliyembeba mgongoni. Nitamwambia Mama Maximilla kwanza, wewe ukiwa umesimama kando yangu, na akitaka kunitemea mate, usimzuie. Kisha twende sote kwa kaka, niseme kwa Kijaluo, barazani, mbele ya wale vijana, na atakayenipiga anipige.

Wasalimie watoto, wasalimie walimu wenzako bila kuwaambia kitu. Mama yake Yahya anakusalimu. Mama Maximilla pia anakusalimu sana. Ameniona naandika akaniuliza ni kwa nani, nikamwambia ni kwa dada. Ameniagiza nikuambie kwamba asante kwa kumlea kijana mwenye moyo kama huu.

Anayekuletea barua hii ni Yahya, niliyesoma naye, anayeuza nguo hapo soko la Bondo. Mwamini, lakini usimwulize kitu mbele ya watu. Njoo naye kesho akifunga meza yake. Mtashuka Otonglo kabla ya kufika mjini. Ukipotezana naye, uliza nyumba ya mama yake, Bi Zeituni anayeshona mapazia, nyuma ya kinu cha kusaga. Useme umeleta kitambaa, jina langu usilitaje. Usibishe mlango wa mbele. Zunguka kwenye uzio wa michongoma, uniite kwa sauti ndogo, nami nitatoka. Tafadhali uniite mimi kwanza. Asije akatoka yeye kukukaribisha kabla sijamwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Joram